Nilivyomuua Mwalimu Hewani

Alikuja studio kwetu mara ya kwanza mwezi wa saba, wakati ambapo upepo wa Sumbawanga humfanya hata kijana wa mjini avae masweta mawili bila kuona haya. Yeye hakuvaa sweta. Alivaa koti jeupe lenye pindo za dhahabu mikononi na shingoni, suruali ya zambarau, na viatu alivyovipaka rangi mwenyewe, kimoja chekundu, kingine kijani. Mlinzi wetu alimpandisha ngazi huku akijizuia kucheka, akachungulia mlangoni na kuniambia, "Dada, kuna askofu anakuulizia."

Redio yetu ni ndogo. Iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mtu akipakua mabati kule chini, wasikilizaji wetu hadi Laela husikia. Wakati huo nilikuwa na kipindi cha mchana. Nilisoma salamu, nilisoma matangazo ya vifo, na siku ya Alhamisi nilikuwa na nusu saa ya wasanii chipukizi. Wengi waliokuja Alhamisi waliimba vizuri lakini hawakuwa na la kusema. Huyu alikuwa na ya kusema hata kabla hajakaa.

Alitoka Pito, nje kidogo ya mji. Mama yake alikuwa mshonaji wa parokia, anashona majoho ya kwaya, kanzu za watoto wa altareni na vitambaa vya meza ya Bwana. Vipande vilivyobaki havikutupwa. Kijana alivikusanya tangu akiwa darasa la sita, akavishonea mfuko mmoja mkubwa, na alipomaliza kidato cha nne akavigeuza kuwa koti lile. Aliniambia yote haya huku akilipapasa koti kama mtu anayempapasa mbwa wake.

"Mama alinifundisha kutia uzi," akasema. "Mama ndiye aliyenisikia naimba jikoni akaniambia niache kujificha. Mama alinipa nauli ya kuja hapa leo."

Halafu akaimba. Ulikuwa wimbo kuhusu baridi, kuhusu msichana mwenye blanketi la kutosha watu wawili na roho ya kutosha mtu mmoja. Fundi mitambo wetu, mzee asiyependa muziki wowote uliotungwa baada ya yeye kuoa, alivua vipokea sauti na kusikiliza kwa masikio matupu.

Nilimuuliza, "Na baba je?"

Akainamia meza. "Baba... hayo tuyaache, dada."

Nikayaacha. Ningemuuliza swali moja zaidi, hadithi hii isingekuwepo. Lakini nilidhani nimeelewa. Jioni ile nilikaa kuandika makala fupi ya kusoma hewani na kuweka kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni pamoja na picha yake. Nilikuwa na sentensi inayoanza, "Kijana huyu, aliyelelewa na mama mshonaji," na niliiona haina uzito. Nikaipa uzito. Nikaandika, "Kijana huyu, aliyebaki na mama yake mshonaji baada ya baba kutangulia mbele za haki." Nikaisoma kwa sauti, nikaona imekaa. Kesho yake nikaisoma hewani kwa ile sauti tunayoitumia kwenye matangazo ya vifo.

Kijana hakulalamika. Alinitumia ujumbe wa shukrani, akasema picha imetoka vizuri.

Yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko nilivyowahi kuona. Mtu wa blogu mmoja wa Dar es Salaam alichukua picha yetu na sentensi yangu, akaweka kichwa kinachosema yatima wa Sumbawanga atikisa kwa koti la kanisani. Siku tatu baadaye kilikuwa kila mahali. Prodyuza akampigia. Akapanda basi la alfajiri na begi moja la nguo zake na mfuko wake wa vitambaa. Kabla ya mvua za masika wimbo wa blanketi ulikuwa ukipigwa stendi ya Laela kuanzia asubuhi, na dereva mmoja wa lori aliyekuwa amekwama siku mbili mpakani Kasesya akisubiri karatasi zake alipiga simu studio kuomba tumpigie wimbo huo, kisha akaomba tena, kisha akatuimbia yeye mwenyewe.

Mavazi nayo yalikua. Alionekana na koti la manyoya ya jogoo. Alionekana na mwavuli wenye taa ndogo zinazowaka. Mara moja alishuka kwenye gari akiwa na joho la dhahabu lenye mkia mrefu ambao vijana wawili walikuwa wakiushika nyuma, na magazeti yakauandika ule mkia kwa wiki nzima. Mimi nilikata kila ukurasa nikaubandika ukutani studio. Nilijisikia kama mkunga.

Baba naye alikua, kwa maana ya kufa zaidi. Kila aliyeandika aliongeza kidogo. Mmoja aliandika kwamba mzee aligongwa na nyoka akiwa shambani. Mwingine akasema alizama Ziwa Tanganyika akivua dagaa. Kwenye kipindi kimoja cha televisheni mtangazaji alimsogezea kijana karatasi laini za kufutia machozi, akamuuliza, "Baba angekuona leo, angesema nini?" Kijana aliinamisha kichwa, manyoya yake yakainama pamoja naye, akanyamaza. Studio nzima ikapiga makofi kwa ule ukimya. Mimi mwenyewe, mbele ya runinga yangu, nilifuta macho.

Asubuhi moja ya Jumatatu nilikuwa nasoma salamu wakati mlinzi alipochungulia tena mlangoni. Safari hii hakuwa anacheka. Nikaweka wimbo, nikatoka.

Kwenye benchi letu la wageni alikaa mzee mrefu mwenye suti ya kijivu iliyopigwa pasi, tai, na vibanio vya baiskeli kwenye miguu ya suruali. Kofia aliishika magotini.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayesoma matangazo ya vifo?"

"Ndiyo, mzee. Poleni na msiba."

"Asante. Naomba kuuliza utaratibu. Mtu akitaka kutangaza kifo hapa kwenu, anatakiwa alete nini?"

"Barua ya mwenyekiti wa mtaa, mzee."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia. "Mimi mmeniua bila barua," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanieleza kwa utulivu, sentensi moja baada ya nyingine. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alikuwa mume wa mshonaji wa Pito. Alikuwa baba wa yule kijana. Yeye hana televisheni wala simu ya mtandao, na mkewe, ambaye habari zilimfikia mapema kupitia kwa wanakwaya, alimficha akitumaini zitapita. Lakini juzi dada yake anayeuza mayai ya kuchemsha stendi ya Laela alisikia abiria wakisimuliana jinsi kaka yake alivyozama ziwani. Akampigia simu, haikupatikana kwa sababu haikuwa na chaji. Akaacha mayai yake, akapanda basi, akaingia uani Pito akilia kwa sauti, kitenge kiunoni, na kumkuta marehemu amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi.

"Alinipiga," Mwalimu akasema. "Dada yangu ana miaka sabini. Alinipiga kwa mwavuli, akaniuliza kwa nini sijafa baada ya yeye kupata taabu yote hiyo."

Alisema hivyo bila kutabasamu, nami sikujua kama ninaruhusiwa kucheka. Sikucheka.

"Ni mimi niliyeandika, Mwalimu," nikasema. "Mtoto hakuniambia umekufa. Alisema tu tuyaache. Nikajaza mwenyewe."

Alinitazama kwa muda mrefu. Naamini alikuwa ametazama watoto wengi kwa jicho lile, na naamini wote walikumbuka pale pale walikoficha daftari.

"Alisema tuyaache kwa sababu tuligombana," akasema. "Nilimtafutia nafasi ya chuo cha ualimu. Akanionyesha lile koti. Nikamwambia mtoto wangu hawezi kutembea Pito kama pambo la Krismasi. Ni kweli nilisema. Lakini kati ya kugombana na mtu na kumzika kuna umbali."

Nilimwomba aingie studio wakati ule ule, aseme mwenyewe hewani. Akakataa. "Anayejua kwamba niko hai ni yeye. Aseme yeye." Akavaa kofia, akashuka ngazi, akaichukua baiskeli yake pembeni ya mifuko ya saruji, akaenda zake.

Nilimpigia kijana mara nne. Mwisho nikamwandikia. Alijibu jioni: "Dada, nikisema sasa nitaonekana mwongo. Acha ipoe." Nilikasirika, halafu nikakumbuka kwamba mwongo wa kwanza ni mimi, nikapoa. Na kwa aibu nasema hivi: niliacha. Nilijiambia nitasahihisha wiki ijayo, na wiki ijayo ilipofika ikawa na mambo yake.

Mwezi wa tano ilitangazwa kwamba atakuja kufanya onyesho nyumbani, uwanja wa mpira, mchana wa Jumamosi. Wiki mbili kabla, watu watatu wa kituo kimoja cha televisheni cha Dar walitua mjini na kamera zao ili watengeneze kipindi kuhusu alikotoka. Waliletwa kwangu kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kumhoji. Kiongozi wao, dada mchangamfu mwenye miwani mikubwa, alinionyesha orodha ya picha wanazotaka: nyumba, cherehani ya mama, kanisa, kaburi la baba.

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni, "Kaburi liko Pito. Twende nitawapeleka." Hadi leo sijui kama ulikuwa woga au utundu.

Tulimkuta Mwalimu uani. Alikuwa na suruali ya kazi safari hii, anapepeta ulezi. Mkewe alikuwa ndani kwenye cherehani, tukausikia mlio ukisimama tulipobisha hodi.

"Mzee shikamoo," akasema yule dada. "Tunatoka Dar. Tunatafuta kaburi la baba yake," na akalitaja jina la kijana, lile la kwenye mabango.

"Marahaba. Mnalitakia nini?"

"Kulipiga picha tu, mzee. Kwa heshima."

Mwalimu akaweka ungo chini. "Halijachimbwa. Mwenyewe ni mimi. Karibuni mkae."

Mpiga kamera alicheka, akidhani ni utani wa kizee, mpaka alipoona hakuna mwingine anayecheka. Wakaletewa viti. Wakaketi watatu kwa mstari, nami pembeni, na Mwalimu akasimama mbele yetu mikono nyuma.

"Nani aliwaambia nimekufa?"

"Tulisoma, mzee."

"Mlisoma wapi?"

Wakataja gazeti, wakataja blogu.

"Na wao walisoma wapi?"

Nikaona hapa hakuna pa kukimbilia. "Kwangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyeandika kwanza. Nilibuni. Baba yake hajawahi kufa, na nimejua hivyo kwa miezi miwili nikanyamaza."

Mama akatoka na chai. Alimpa kila mtu kikombe, alipofika kwangu akasita kidogo, halafu akanipa na mimi.

Nilidhani mambo yameisha hapo. Nilirudi mjini nikiwa mwepesi, kwa sababu nilikuwa nimeungama na watu wenye kamera kubwa kuliko zetu watasahihisha. Sikuwa nimekumbuka kwamba watu wengi wa mbali wakisikia neno Sumbawanga huwa hawasikilizi tena neno linalofuata. Wanafikiria uchawi tu. Kesho yake mtandaoni kulikuwa na picha ya Mwalimu na ungo wake, na maneno makubwa juu yake: baba wa nyota wa koti la dhahabu afufuka Sumbawanga. Kufika jioni blogu nyingine zilikuwa zimeshaeleza alivyochukuliwa na wachawi kuwa msukule wa kuwalimia usiku, nani alimficha, na kwamba ule ulezi ndio alikuwa akilishwa.

Niliwapigia wale wa Dar. Yule dada wa miwani aliomba radhi sana, akasema yeye alituma habari ilivyo, kichwa kiliwekwa na watu wa ofisini.

Sokoni mwanamke mmoja alikataa kumpa Mwalimu nyanya mkononi, akaziweka chini ili aziokote. Watoto wa Pito walianza kumfuata kwa hatua za kunyata waone kama ana kivuli. Paroko, mtu mwenye busara na utani kidogo, alimwomba asome somo la kwanza Jumapili, asimame juu kabisa ambapo kila mtu atamwona. Alisoma kwa sauti safi. Hata hivyo, mama mmoja wa jumuiya alisikika akinong'ona kwamba wote wakirudi huwa wanasoma vizuri.

Mama yake kijana ndiye aliyelimaliza jambo. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Alimpigia mwanawe simu, na alipopokea hakumgombeza.

"Nina swali moja," akamwambia. "Mimi ni mjane au si mjane? Kama ni mjane, niambie nishone nguo nyeusi, kitambaa ninacho. Kama si mjane, njoo uwaambie watu."

Kijana alikuja siku moja kabla ya onyesho. Hakuja na joho wala mwavuli. Alishuka Pito na suruali ya mazoezi na sweta, maana baridi ilikuwa imeshaanza, akaingia uani, akapiga magoti. Mwalimu alikuwa amekaa. Mama anasema walikaa hivyo muda wa kutosha maji kuchemka. Kisha mzee akauliza, "Umekula?" Kijana akasema hajala. Wakaingia ndani. Waliyozungumza mezani mama hakuniambia, nami safari hii sikujaza mwenyewe.

Jumamosi uwanja ulijaa hadi kwenye kuta. Watu walitoka Laela kwa malori. Mimi nilikuwa karibu na jukwaa na kinasa sauti changu. Kijana akatokea na koti jipya la dhahabu tupu, jua la saa tisa likampiga, umati ukapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia mjini kwetu. Akaimba nyimbo mbili. Kisha akainua mkono, muziki ukakata.

"Baba yangu yuko pale, kiti cha tatu," akasema. "Hajawahi kufa. Hajafufuka, hakuchukuliwa na mtu. Alikuwa nyumbani analima. Watu waliandika kwamba amefariki, nikaona wananihurumia, nikanyamaza. Tulikuwa tumegombana, na ilikuwa rahisi kuwa yatima kuliko kuomba msamaha. Baba, nisamehe mbele ya watu, kwa sababu nilikukosea mbele ya watu."

Nilisikia bendera zikipigwa na upepo. Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha plastiki na suti yake ya kijivu, hakusogea. Ndipo sauti moja nzito ya mwanamume mzima ikatoka nyuma kabisa, "Shikamoo Mwalimu." Ikafuata nyingine. Kumbe nusu ya uwanja ule ilikuwa imepita mikononi mwake, darasa la kwanza hadi la saba, kwa miaka yote aliyofundisha, na sasa wote, wenye vitambi na wenye watoto mgongoni, walikuwa wakiita kwa pamoja kwa ule mdundo wa darasani, "Shikamoo Mwalimu."

Akasimama. Akafunga kifungo cha koti.

"Marahaba," akasema. "Kaeni."

Wakakaa. Hapakuwa na viti, walikaa kwenye majani. Kijana jukwaani alikaa pia, na dhahabu yake yote, pembeni ya spika.

Magazeti ya Dar yaliandika zaidi kuhusu lile koti. Habari ya baba ilipata mistari minne kwenye moja, na kwenye mengine haikuonekana. Yule dada wa miwani, kwa haki yake, alirusha kipande chote bila kukikata. Mimi Jumatatu niliomba kipindi kizima. Meneja alitaka tusahihishe kwa sentensi moja baada ya matangazo, nikamwambia sentensi moja ndiyo iliyotufikisha hapa. Nilisimulia yote, pamoja na ile jioni nilipoona maneno yangu hayana uzito. Wasikilizaji wengine walipiga simu kunituliza, wengine kunisema, na dada yake Mwalimu alipiga kutoka Laela kusema ana mwavuli mwingine kama nitauhitaji.

Kijana bado yuko juu, na bado hakubaliani na baba yake juu ya mavazi. Ila akihojiwa siku hizi humtaja, tena kwa majigambo kidogo. Mwalimu naye amenunua redio mpya, na tangu hapo sina raha. Hupiga simu kila wiki kusahihisha Kiswahili chetu. Juzi alinishika nimesema "masaa mawili".

"Saa mbili zikipita ni saa mbili," akaniambia. "Saa haina wingi huo."

"Asante, Mwalimu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Mvua zimeanza mapema, tunapanda. Sasa nakuomba ukate simu, mwanangu, taarifa ya habari inaanza kwenye ile redio nyingine, na nina mengi ya kuwasahihisha wale pia."